Baba Anakwenda Kuvua Kimbiji: Je, Umeuliza Upepo?

Kama mume wako ni mvuvi aliyezaliwa pwani, huenda habari hii isikufae sana, maana yeye anaijua bahari kuliko mimi na wewe. Nawaandikia akina mama wenzangu ambao waume zao ni watu wa bara kama wangu. Walikulia kwenye migomba, wakaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na sasa wakiwa watu wazima wameshikwa na mapenzi ya mshipi. Ijumaa jioni utamwona ameketi kibarazani anapangusa ile fimbo yenye gurudumu la kuzungushia uzi. Ndoano ameziweka kwenye kopo la maziwa la mtoto. Ukimwuliza anakwenda wapi, atakujibu kwa neno moja tu: "Kimbiji."

Wengine hudhani uvuvi wa mchezo ni jambo la wazungu peke yao. Ni kweli kwamba wageni walitutangulia kuupenda. Mwandishi yule wa Marekani, Ernest Hemingway, alifika Shimoni, kusini mwa Mombasa, mwaka 1954 ili avue katika mkondo wa Pemba, ingawa alikuwa ametoka kunusurika ajali mbili za ndege huko Uganda. Lakini siku hizi wanaokodi mashua Jumamosi ni walimu, makarani wa benki, madereva na hata wazee wa kanisa. Samaki wakipatikana huliwa nyumbani, na wasipopatikana baba hurudi na hadithi.

Mimi sina ugomvi na mchezo huu. Nieleze sababu kabla sijaendelea, msije mkafikiri naandika ili kuwazuia akina baba. Mwana wetu wa kwanza alipofika miaka 13 aligeuka kuwa mkimya. Baba yake alikuwa akirudi kazini usiku, naye kijana akawa anasalimia na kuingia chumbani. Kitu cha kwanza kilichowaweka pamoja kwa muda mrefu kilikuwa mshipi. Walikaa mezani wakifunga mafundo, wakabishana chambo gani kinampendeza nguru, nami nikiwa jikoni nikasikia kijana anacheka. Mama gani angekataza jambo hilo?

Basi mwaka 2019 waliposema wanakwenda Kimbiji Jumatatu ya Pasaka na wenzake wa ofisini, na sisi wengine tukapumzike ufukweni, nilikubali upesi. Baba watoto alinitania kwamba hata Petro, baada ya ufufuko, aliwaambia wenzake anakwenda kuvua. Nilicheka, nikakaanga maandazi. Sikuuliza upepo, wala sikuuliza mwezi.

ASUBUHI ILE

Tulivuka kabla ya mapambazuko, tukashika njia ya Kibada na Mwasonga. Kimbiji iko pwani ya kusini ya jiji. Zamani ilihesabiwa wilaya ya Temeke, na sasa ni ya Kigamboni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na gari liliteleza mara mbili kwenye tope. Lakini tulipofika bahari ilikuwa shwari kama maji kwenye beseni. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na minazi. Mashua ya faiba yenye mashine moja ilikuwa inangoja, na wanaume watano pamoja na mwanangu wakapanda. Niliona majaketi ya kujiokolea matatu tu. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kumwaibisha mume wangu mbele ya wenzake. Baba watoto alinipa simu yake niiweke mkobani isije ikalowa. Saa kumi na mbili na nusu wakaondoka, wakiahidi kurudi saa sita kwa chakula cha mchana.

Saa nne hivi niligundua kwamba bahari imekimbia. Pale ilipoelea mashua palikuwa pakavu, na watoto wangu wadogo walikuwa wakikimbia kwenye mchanga uliofunuka. Mbele zaidi miamba ilikuwa inatoka majini, myeusi, yenye meno. Upepo nao ulikuwa umeamka. Ulitoka kusini, kwanza polepole, kisha kwa nguvu ya kupeperusha khanga.

Karibu nami alikuwepo bibi mmoja wa pale kijijini anayekaanga samaki. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza mbona natazama maji vile. Nikamweleza. Akanyosha shingo kutazama baharini, akaniuliza, "Mwanangu, waliondoka na nahodha wa hapa?" Nikasema sijui, mashua ililetwa na mtu kutoka mjini. Hakusema neno jingine kwa muda. Kisha akanisogezea kigoda nikae.

Saa sita na robo tuliwaona. Walikuwa nje ya miamba, mashua ikipanda na kushuka, na hawakuweza kuingia. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa, na pale ambapo asubuhi walipita bila kufikiri, sasa mawimbi yalikuwa yanapasuka meupe. Yule mwenye mashua hakuujua mlango wa kupitia. Walizunguka. Mvua ikaja, tukawapoteza machoni kwa kama nusu saa. Naomba mnisamehe, siwezi kueleza nusu saa ile. Nilikuwa na simu mbili mkobani, yangu na yake, na hakuna hata moja ya kunisaidia.

Ilipofika saa tisa maji yalikuwa yamerudi kiasi. Vijana wawili wa kijiji, ambao yule bibi aliwatuma bila mimi kumwomba, walitoka na ngalawa mpaka kwenye mlango wa miamba, wakawaonyesha njia kwa kupunga kitambaa. Mashua ikaingia nyuma yao. Mwanangu alikuwa amelevywa na bahari hata hawezi kusimama, midomo imegeuka rangi, lakini alikuwa amevaa jaketi. Baba yake hakuwa nalo, alikuwa amemwachia mtu mwingine.

NILICHOJIFUNZA KUHUSU UPEPO

Baada ya siku ile nilirudi Kimbiji mara kadhaa, safari hii nikiwa na daftari. Niliketi na yule bibi na wenzake, nikauliza pia wavuvi, na nikasoma nilichoweza kupata. Haya ninayowapa hapa si elimu ya kufichwa. Watoto wa pwani huijua kabla hawajaanza shule. Sisi wa bara ndio tuliochelewa.

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ni upepo wa joto na wa kuaminika kiasi. Kusi huanza Aprili na kuendelea mpaka karibu Oktoba, na nguvu yake kubwa huwa Juni mpaka Agosti. Katikati ya pepo hizi kuna kipindi cha kubadilishana, ambacho wengi hukiita maleleji. Mwezi wa tatu na wa nne basi ni mwezi wa mlangoni: kaskazi imechoka, kusi haijaamua. Unaweza kupata asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka, bahari imelala. Na siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, kusi ikafika.

Juu ya hayo kuna masika. Mvua kubwa za Dar es Salaam ni za Machi mpaka Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Wingu la masika huja na upepo wake wa ghafula, na mvua ikishuka nahodha haoni nchi kavu. Mito nayo hufurika. Rufiji hujaa sana wakati huu, na magogo hutoka mitoni yakaelea baharini. Usiku au kwenye mvua gogo moja linatosha kupasua mashua. Wavuvi wa mchezo hulipenda gogo hilo likionekana mchana, maana samaki aina ya faulusi hupenda kukaa chini ya kivuli chake. Jambo moja lina sura mbili.

Mama aliyezoea kupeleka watoto Bongoyo au Mbudya anaweza kudanganyika. Huko vile visiwa vyenyewe hukata mawimbi. Kimbiji haina kinga hiyo. Unguja iko upande wa kaskazini na Mafia iko mbali kusini, kwa hiyo kusi inapovuma hufika pale ikitoka bahari kuu moja kwa moja. Tena kuna mkondo mkubwa wa maji unaopita pwani yote ya Tanzania ukielekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza kasi, kusi huuongezea. Mashine ikizimika mbele ya Kimbiji mwezi wa tano, mashua haitakaa pale ikingoja fundi, itakwenda.

Wapo wanaotamani kufika Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo kitupu cha ndege ambacho ramani za wazungu hukiita Latham. Kiko zaidi ya kilomita 40 kutoka Kimbiji, kimezungukwa na maji ya kina kirefu, na sifa yake ya jodari na sulisuli imesambaa mbali. Mimi kwa maoni yangu mashua ya mashine moja haina kazi huko wakati wowote, na wakati wa masika hata ya mashine mbili ingebaki nyumbani. Hoteli nyingi za watalii kwenye pwani hii hufunga Aprili na Mei. Watu wanaoishi kwa biashara hiyo wakifunga mlango, sisi tunakwenda kutafuta nini?

Msidhani pia kwamba vimbunga ni mambo ya nchi za mbali. Ni kweli kwamba huku kwetu, karibu na ikweta, ni nadra. Lakini tazameni miezi yake. Kimbunga kilichoharibu Zanzibar kilikuja Aprili 1872. Kile cha Lindi kilikuja Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Na mwaka ule wetu, Alhamisi ya wiki ile ile ya Pasaka, tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipiga Msumbiji kaskazini, jirani kabisa na Mtwara. Jumatatu ile tulipokuwa ufukweni kilikuwa hakijapewa hata jina. Niliposikia habari zake redioni niliketi kitandani, miguu ikakosa nguvu.

PASAKA NA MAJI MAKUBWA

Hili ndilo lililonishangaza zaidi, na sijui kwa nini hatulisemi makanisani. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji huwa makubwa, ndiyo bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake pwani yetu huzidi mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Na bamvua kubwa kuliko nyingine huwa karibu na majira ambayo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Septemba.

Sasa kumbukeni jinsi Pasaka inavyohesabiwa. Katika Walawi sura ya 23 Pasaka imewekwa siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, yaani mwezi ukiwa mpevu. Kanisa nalo huiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Wiki Takatifu ina mwezi mpevu kila mwaka, na bamvua inayokuja nayo ni miongoni mwa zile kubwa. Kila mwaka, wakati ule ule ambao sisi tunafungasha pilau na kukimbilia ufukweni, bahari iko kwenye tabia yake ya kwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka Ijumaa Kuu yenyewe.

Kwa bahati njema bamvua ina ratiba. Pwani hii, siku ya mwezi mpevu maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mama anayejua tarehe ya mwezi anaweza kukisia jikoni kwake, bila kuona bahari, kwamba mtu aliyeondoka Kimbiji alfajiri siku tatu baada ya mwezi mpevu atakuta miamba imefunga mlango saa sita. Hesabu hiyo ingenitosha. Ningewaambia tu warudi saa tatu, au wangoje mpaka alasiri wakijua wanachongojea, wakiwa na maji ya kunywa.

MASWALI YA JIKONI

Siku hizi wakitaka kwenda nauliza, na siulizi mbele ya wenzake. Nauliza usiku uliotangulia, tukiwa wawili, nikiwa nimekwisha kumpa chakula.

Nauliza kwanza Mamlaka ya Hali ya Hewa imesemaje. Wao hutoa utabiri wa bahari, na wanapotahadharisha husema wazi kwamba upepo utazidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yatazidi mita 2. Ukisikia maneno hayo mjadala umekwisha. Nauliza nahodha ni mtu wa wapi. Awe wa Kimbiji, si wa mjini, hata kama mashua ni ya mjini, kwa maana mlango wa miamba haujifunzwi siku moja. Nauliza mashua ina leseni na imekaguliwa, maana sheria inataka hivyo, na uvuvi nao una leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Nahesabu majaketi mwenyewe, kwa kidole, moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiwa majini. Simu inakwenda nao, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Na mtu wa nchi kavu, ambaye ni mimi, anajua saa ya kurudi na anajua atamwambia nani saa hiyo ikipita.

Mume wangu alinuna mara ya kwanza. Mara ya pili yeye ndiye aliyeanza kunisomea utabiri.

Kuhusu miezi, tumekubaliana hivi. Kaskazi ndiyo yetu, Desemba mpaka Februari, sulisuli wanapopita na bahari ikiwa na adabu. Sulisuli akinaswa tunaomba aachiwe. Huko Watamu, Kenya, wavuvi wa mchezo wamezoea kumfunga kibandiko na kumrudisha majini, na mimi naona ni jambo la heshima kwa samaki mzuri namna ile. Aprili na Mei wanavua kwa mshipi wakiwa wamesimama ufukweni, wanapata changu na kolekole wadogo, na kijana hulalamika. Akilalamika akiwa mkavu mimi nafurahi. Oktoba na Novemba, kusi inapochoka, tunaanza tena.

SAMAKI WALIOLALA JUANI

Nimalizie na jambo la chungu, kwa sababu siku ile ilikuwa na mkia wake.

Walikuwa wamepata nguru wawili na jodari wadogo kama saba. Hawakuwa na barafu. Walitegemea kurudi saa sita, na badala yake samaki walilala sakafuni mwa mashua mpaka saa tisa, kwenye jua na mvua ya vuguvugu. Mimi usiku ule sikuwa na moyo wa kupika, wetu wakabaki kwenye ndoo na kesho yake nikawafukia. Lakini nyumba moja ya wale wenzake waliwapika vizuri, na nazi na ndimu. Baada ya muda mfupi mama na watoto wawili wakawa wekundu usoni, wakawashwa mwili mzima, vichwa vikawauma na mioyo ikaenda mbio. Walidhani wamerogwa. Daktari akawaeleza kwamba ni sumu ya samaki aliyekaa kwenye joto.

Jodari, nguru na vibua wana tabia hii. Wakikaa bila barafu kwa saa chache nyama yao hutengeneza sumu ambayo haina harufu kali na haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kukaushwa. Dalili moja ni ladha ya pilipili ulimini wakati hukutia pilipili. Ukiionja, acha kula na uwatoe watoto mezani, na mtu akipumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo barafu ni ya lazima kama mafuta ya mashine. Samaki atumbuliwe, aoshwe kwa maji safi ya bahari, alazwe kwenye barafu mara tu anapotoka majini. Na yule samaki anayejivimbisha kama mpira, bunju, asiingie nyumbani kabisa. Sumu yake inaua, nayo haijui moto.

Yule bibi wa Kimbiji ndiye aliyenifundisha kutazama jicho la samaki: liwe limetuna na linang'aa, na shavu la ndani liwe jekundu kama damu. Nilimpelekea kitenge Krismasi ile. Yeye akanipa vibua kumi alivyovifunga kwenye majani ya mgomba, na akamwambia mwanangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu kwa aibu, kwamba safari ijayo apande na vijana wake. Amepanda nao mara nyingi tangu hapo. Kalenda ya kanisa iliyoko ukutani jikoni kwangu ina vidoto vya penseli kila mwezi unapopevuka na unapoandama, naye ndiye anayeviweka Januari.